Jimbo ni Sanduku, si Mpaka

Ndugu wachimba zahabu, nanyi wenyeji wa Kazimia!

Kuanzia 1962 majimbo 6 ya Kongo yalikatwa hata yakafika 21. Mwaka 1988 Kivu iligawanywa, ndipo Kivu Kusini yetu ikazaliwa. Mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26. Mipaka imechorwa mara nyingi. Je, fedha ziliifuata?

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, yaagiza asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni. Sheria ya 2008 yazipa sekta kama Tanganyika na Ngandja, pamoja na miji, asilimia 40 ya fungu hilo.

Basi anayetuahidi mpaka mpya, tumwulize kwanza: sanduku liko wapi, na ufunguo anao nani? Jembe bila mpini halilimi. Tudai haki iliyoandikwa, sote pamoja, bila ukabila.