Makato ya Mshahara wa Karani: Mazungumzo kwa Vyama vya Nyamahanga



Kahawa ikipungua ghalani, kamati haiwezi kuazimia tu kwamba karani akatwe mshahara. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, pasipo amri ya mahakama au sheria iruhusuyo, sharti karani akubali deni kwa maandishi. Aelezwe kwa maandishi chanzo na hesabu ya hasara, apewe nafasi ya kupinga, na kosa liwe lake. Hata hapo, makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Fedha ikatwayo kwa ajili ya mdai mwingine ifikishwe kwake. Ikibaki kashani mwa chama, karani ataendelea kudaiwa deni alilokwisha kulipa.