Shabiki na Mfuasi



Mwaka 1999, na tena mwaka 2000, Mtibwa Sugar ya huku kwetu Turiani ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, hata wasioijua njia ya kwenda Manungu walijiita mashabiki wake. Hatuwalaumu, furaha haina kiingilio. Shabiki hupenda, hushangilia, huzomea, na timu ikizidiwa aweza kuondoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Hadaiwi kitu.

Lakini lugha yetu inalo neno jingine: mfuasi. Hilo latokana na kufuata, na afuataye sharti atembee.

Yohane, katika sura ya 6, atueleza habari za makutano waliokula mikate wakashiba, wakataka kumfanya Yesu mfalme. Kesho yake, mafundisho yalipokuwa magumu, wengi walirudi nyuma, na miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuitwa wanafunzi wake. Jina zuri halikuwazuia.

Nasi je? Kwaya ikiimba vizuri twapiga vigelegele. Masika iliyopita mwenzetu mmoja wa jumuiya aliugua huko juu, katika Milima ya Uluguru, ambako gari halifiki na njia ni utelezi mtupu. Tulisema, "Tutamwombea." Tukamwombea kweli, tukabaki huku chini mjini. Aliyepanda ni jirani mmoja mwenye kikapu cha unga, mtu ambaye hatujapata kumsikia akishangilia chochote.