KIRAKA KISICHOFIKA KWENYE KIOLEZO HAKIDUMU
Mazungumzo juu ya utunzaji wa seva zinazowashwa kupitia mtandao



Mtu avukaye bahari kutoka Unguja na kufika Keko, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, huwakuta mafundi wa samani wakichonga vitanda, makabati na viti. Fundi mwenye kazi ya viti vingi vya namna moja hukata kwanza kiolezo cha mguu, na miguu yote hukifuata. Kiolezo kikiwa na kasoro, kurekebisha kiti kimoja kimoja ni kazi isiyokwisha, maana kiti cha kesho kitatoka na kasoro ile ile. Kasoro ya namna hiyo huwapata pia watunzaji wa kompyuta.

Seva moja huweza kubeba mashine pepe nyingi, yaani kompyuta zisizo na umbo, kila moja ikifanya kazi kama iliyojitegemea: hii mishahara, hii rejista za vizazi na vifo, hii barua za ofisi. Baadhi ya seva hizo hazitunzi programu endeshi katika diski zao. Zinapowashwa huomba anwani kwenye mtandao, kisha hupokea nakala mama kutoka seva ya uwashaji na kuiendesha katika kumbukumbu ya muda. Kampuni ya VMware iliuingiza utaratibu huo mwaka 2011 kwa jina la Auto Deploy.

Hapo ndipo penye mtego. Mtunzaji huweka kiraka cha usalama kwenye seva iliyo kazini, akapima, akaona kimekaa. Umeme ukikatika, kumbukumbu ya muda hufutika. Ukirudi, seva hupokea nakala mama ya zamani, na kiraka hakipo tena. Taarifa ya ofisi yasema mlango umefungwa, kumbe uko wazi.

Hasara yake si ndogo. Mwezi Februari 2023 wahalifu walivamia maelfu ya seva za VMware ESXi katika nchi mbalimbali, wakafunga mafaili na kudai fidia. Taasisi ya Ufaransa ya CERT-FR ilitoa tahadhari tarehe 3 ya mwezi huo. Kiraka cha udhaifu uliotajwa kilikwishatolewa Februari 2021, miaka miwili kabla.

Mtunzaji anayetafuta chanzo cha kiraka kupotea na afuate mpango huu. Kwanza, ahakikishe kiraka kimo ndani ya nakala mama yenyewe. Pili, asome kanuni inayoigawia kila seva nakala yake, kwani huenda bado yaelekeza kwenye nakala ya zamani. Tatu, akumbuke kwamba kubadili kanuni hakutoshi: seva iliyokwisha kugawiwa hushikilia mgao wake wa awali mpaka ilinganishwe na kanuni mpya na kurekebishwa. Nne, ahamishe mashine pepe kutoka seva moja, aizime na kuiwasha, kisha asome namba ya toleo. Ikiwa sahihi, ndipo aende kwenye seva ya pili. Nakala mama ya zamani aihifadhi, ili mambo yakiharibika apate pa kurejea.

Lipo jambo la tano, ambalo watu wa visiwani wana sababu ya kulizingatia. Unguja ilikaa gizani kati ya Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme unaporudi, seva zote huamka kwa pamoja, na zote humtegemea mmoja. Ikiwa seva ya uwashaji nayo ni mashine pepe iliyomo ndani ya seva zinazoisubiri, hakuna itakayoamka. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Seva hiyo iwekwe mahali pake, iwe na umeme wa akiba, na iwashwe kwanza.

Wakuu wa idara nao wana sehemu yao. Wasiridhike na taarifa isemayo kiraka kimewekwa. Waulize kama seva imezimwa na kuwashwa tangu hapo, na kiraka kikabaki. Wawape watunzaji saa za kufanya jaribio hilo bila kuwalaumu kwa huduma kusimama kidogo, kwani saa moja iliyopangwa ni nafuu kuliko wiki isiyopangwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu huzibwa kwenye kiolezo.