Kuazima Vyombo vya Kazi
(Maneno ya mwanachama katika mkutano, Kipsongo, Kitale)



Nasema juu ya wenzetu waazimao spana na nyundo kila siku, wala hawarudishi mpaka wafuatwe. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Chombo cha bohari kimeandikwa kwa jina lako. Kikipotea mkononi mwa mwenzio, aulizwaye ni wewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali yake iliyopotea, lakini kwa kiasi cha haki tu, na iwe imepotea kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Basi ukikatwa kwa kosa la mwingine, usinyamaze. Peleka habari kwa katibu upesi.

Tena tufanye hivi: kila mtu awe na kibati chenye namba yake. Aazimaye akitundike mahali pa chombo. Asiye na kibati asipewe. Hapo hakuna chuki, ni kanuni ya wote.

Na yule aazimaye kwa sababu hakupewa chombo, tusimtukane. Tumdai mwajiri alete vyombo vya kutosha.

Umoja ni nguvu.