TAHADHARI KABLA YA HATARI: TUPANGE SAFARI YA MLIMANI



Leo tuzungumze juu ya safari ya kupanda mlima. Mlima wenyewe uko mbali, katika nchi ya Wales, huko Uingereza. Unaitwa Yr Wyddfa. Waingereza huuita Snowdon. Wenyeji wa Wales wana lugha yao, na mwaka 2022 wakuu wa hifadhi ya mlima huo waliamua kutumia jina la wenyeji.

Urefu wake ni mita 1,085. Najua mmoja wenu atasema, "Ah, Mwalimu, huo nao ni mlima? Kilimanjaro una mita 5,895!" Ni kweli. Kilimanjaro unauzidi zaidi ya mara tano. Lakini sikilizeni: mlima huo mdogo unaua watu. Kwa nini? Kwa sababu watu huudharau. Mtu huondoka kama anayekwenda sokoni.

Ubaya wake ni hali ya hewa. Bondeni kuna jua, juu kuna ukungu na upepo mkali. Tena kila ukipanda mita 1,000, baridi huongezeka kiasi cha digrii 6. Nguo ya pamba ikilowa haikauki upesi, nayo hunyonya joto la mwili. Kwa hiyo mpandaji huvaa nguo za sufu, na hubeba sweta na koti la mvua hata kama asubuhi ni nzuri.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ya kukadiria muda wa safari. Kwa vipimo vya leo ni hivi: kila kilomita 5, hesabu saa 1. Kisha kila mita 600 za kupanda juu, ongeza saa 1.

Tuchukue njia inayoanzia kijiji cha Llanberis. Kwenda tu ni kilomita 7 na zaidi kidogo. Hiyo ni karibu saa moja na nusu. Kupanda juu ni karibu mita 975. Hiyo ni zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Jumla ni saa tatu kufika kileleni. Kushuka tuweke pia saa tatu, maana miguu imechoka. Safari nzima ni saa sita, bila kupumzika.

Je, mwanga unatosha? Mwezi wa Juni, hata saa tatu usiku huko bado kuna mwanga. Lakini Desemba jua huzama kiasi cha saa kumi alasiri! Mtu akianza saa tatu asubuhi, atafika kileleni saa sita na kurudi saa tisa. Salama. Akichelewa kitandani akaanza saa tano, atarudi saa kumi na moja. Giza litamkuta mlimani. Hapo mmeona faida ya hesabu. Tena Desemba huweza kuwa na theluji na barafu. Asiye na vyuma vya kufunga viatuni na shoka la barafu, na asiyejua kuvitumia, abaki bondeni.

Usitegemee treni. Ipo treni ya kwenda kileleni, ilianza mwaka 1896, lakini wakati wa baridi haifiki huko.

Vitu vya kubeba ni hivi: ramani, dira, tochi, chakula, maji na filimbi. Katika ramani nzuri ya wapandaji, sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Ukipata shida, piga filimbi mara sita katika dakika moja. Ngoja dakika moja, kisha rudia. Ukiwa na simu, piga 999, omba polisi, kisha waombe waokoaji wa mlimani. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea. Huacha kazi zao na vitanda vyao bila malipo. Basi si vizuri kuwasumbua kwa uzembe wetu.

Jambo la mwisho. Kabla ya kuondoka, andika karatasi: njia gani, watu wangapi, saa ya kurudi. Mwachie mtu bondeni. Asipokuona, atajua pa kukutafuta. Na saa uliyopanga ya kugeuka ikifika, geuka, hata kama kilele unakiona. Mlima hauhami.

Ndugu zangu, kusoma ramani, kuhesabu saa na kuandika maneno machache: hayo ndiyo tuliyojifunza katika kisomo. Ni yale yale yanayomrudisha mtu nyumbani kwake.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Mtu akianza saa nne asubuhi, atarudi saa ngapi?
2. Wewe ukisafiri, nani hujua saa yako ya kurudi?