Hamira Hupima Sukari Kabla ya Kuumua Unga



Katika masoko mengi nchini, biashara ya mandazi huanza kabla ya alfajiri. Unga usipoumuka, hasara ni ya siku nzima: ngano imeshakandwa, makaa yameshawashwa, na wateja wa chai ya saa kumi na mbili hawangoji. Lawama hutupiwa hamira kwamba imeharibika. Wengine huongeza sukari, kwa imani kwamba hamira ikishiba itafanya kazi zaidi. Mara nyingi sukari hiyo ndiyo iliyoichelewesha.

Hamira ni kuvu, kiumbe hai, na kijiko kimoja hubeba mabilioni ya seli zake. Kwenye utando wa kila seli kuna protini mbili ambazo kazi yake ni kuonja sukari iliyo nje. Wanasayansi huziita Rgt2 na Snf3. Umbo lake linafanana na la milango inayopitisha sukari, lakini zenyewe hazipitishi chochote; ni kama bawabu anayetazama mzigo uliofika na kupeleka habari ndani. Rgt2 huamka sukari ikiwa tele, Snf3 ikiwa haba. Habari ikifika kwenye kiini, jeni huwashwa na seli hutengeneza milango inayofaa: ama ile ya kupitisha mzigo mkubwa, ama ile inayodaka hata chembe chache.

Sukari ya dukani haipiti hivi hivi. Seli hutoa kimeng'enya kinachoikata vipande viwili, glukosi na fruktosi. Glukosi ndiyo chaguo la kwanza. Ikiwa nyingi, seli huichachua hata kama hewa ipo, na kutoa kaboni dayoksaidi inayoinua unga pamoja na kileo kidogo kinachopotea motoni. Wakati huo huo seli huzima jeni za kutumia sukari nyingine, hasa maltosi, ambayo hutokana na wanga wa ngano wenyewe.

Glukosi ikikaribia kwisha, jeni za maltosi hulazimika kuwashwa na vifaa vipya kutengenezwa. Hapo donge linaweza kutulia kwa muda kama lililokufa. Halijafa. Wengi hukosa subira hapo hapo, wakatupa unga mzima.

Sukari ikizidi mno, shida huwa nyingine. Kama chumvi inavyotoa maji katika samaki, ndivyo sukari nyingi inavyovuta maji kutoka kwenye seli. Seli hujikinga kwa kutengeneza gliseroli ili kuyazuia maji ndani, na kazi hiyo hula nguvu na muda ambao ungetumika kutoa gesi. Kwa pakiti ya unga ya kilo 2, gramu 100 hivi za sukari huisaidia hamira. Zikipita gramu 200, huanza kulemewa. Ndiyo sababu unga wa mahamri, wenye sukari nyingi, huachwa muda mrefu kuliko wa mkate, na wapishi wa pwani hawaoni ajabu. Anayetaka utamu huo hana budi kuongeza muda au hamira. Zipo pia hamira zilizotengenezwa mahususi kwa unga mtamu, na pakiti huandikwa hivyo.

Kabla ya kulaumu hamira, ipimwe. Kijiko kimoja cha chai cha sukari na kimoja cha hamira hutiwa katika nusu kikombe cha maji vuguvugu, yasiyochoma kidole, maana maji moto sana huiua. Baada ya dakika 10 hivi povu likionekana, hamira i hai. Unga ukisuasua baada ya hapo, kasoro itafutwe kwenye kipimo cha sukari, kwenye chumvi, au kwenye baridi ya mahali donge lilipowekwa.