Mkanda wa Bega Unasaidia, Lakini Hautoshi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo tuzungumze juu ya bega. Kulima, kuteka maji, kubeba kuni, kazi hizi zote zinategemea bega. Likiharibika, shamba linalala.

Katika viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloteguka zaidi. Sababu ni nini? Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, lakini mahali kinapokaa ni padogo, tena hapana kina. Ni kama chungwa juu ya kisahani. Linaloshikilia ni kano na misuli. Bega likitoka mara moja, kano hulegea au hukatika, na linaweza kutoka tena na tena, hasa kwa vijana.

Sasa, kuna mikanda ya kubana bega inayouzwa madukani. Mtu anauliza, "Nikivaa huu, si nimepona?" Hapana. Mkanda unatia joto, unaweza kupunguza maumivu, na ukibana ngozi unamkumbusha mtu asiinue mkono ovyo. Lakini haurudishi mfupa uliotoka, wala hauungi kano iliyokatika. Mtu asiutegemee peke yake kuzuia bega lisitoke tena.

Basi tufanye hivi:

1. Bega likitoka, msivute mkono nyumbani. Huenda mfupa umevunjika, au mkaumiza mishipa. Mvueni pete na bangili, mfungeni mkono kwa leso jinsi anavyosikia nafuu, mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vidole vikiwa baridi au vimekufa ganzi, msikawie hata kidogo.

2. Mgonjwa wa kifafa akizinduka na bega linamuuma, tena hawezi kugeuza mkono kuelekea nje, naye apelekwe. Bega lake huenda limetokea nyuma, na hilo ni rahisi kutoonekana.

3. Akisharudishiwa bega, avae kitambaa cha kuning'iniza mkono kwa muda atakaoambiwa, mara nyingi wiki 1 hadi 3.

4. Baadaye, akiruhusiwa, aanze mazoezi. Asimame kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa ubavuni, asukume ukuta kwa ngumi huku mkono hausogei. Ahesabu hadi 5, arudie mara 10. Akipata nguvu, afunge kipande cha tyubu ya baiskeli mlangoni, avute polepole. Mazoezi huchukua miezi 3 au zaidi, kwa hivyo asichoke njiani. Kurusha mawe na kubeba mizigo juu ya kichwa kungoje.

5. Akiwa na mkanda, usibane mno. Vidole vikivimba au kufa ganzi, auvue mara moja. Asilale nao ila ameambiwa na mhudumu wa afya. Aufue, aukaushe, na aangalie ngozi kila siku.

Bega likizidi kutoka, arudi kwa daktari. Wengine huhitaji kupasuliwa.

Kwa upande wa kikundi, fedha za dharura ziende kwanza kwa nauli ya hospitali, mkanda ufuate. Na siku ya kuchimba matuta, mwenzetu huyu asiitwe mvivu. Apewe kazi ya kuandika majina au kuhesabu miche hadi misuli yake ipate nguvu.

Haya, nani ana swali?